Kisa cha shawa ya instanti ya kilowati 5.5: nyumba moja, watu watano, na LUKU iliyoruka kutoka 8,500 hadi 60,000

Kisa hiki ni cha kweli ila majina, mtaa na vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevitoa. Wenye nyumba wameridhia nikiandike, mama mwenye nyumba alisema tu usiweke picha ya bafu langu, na sijaweka.

Nakiandika kwa sababu kila ikifika Juni naulizwa swali lile lile, instanti, yani shawa inayopasha maji papo hapo yanapopita, inakula umeme au haili? Swali lenyewe limechanganya mambo mawili. Kuna unit, hizo zinatokana na dakika mnazooga na lita zinazopita. Alafu kuna wati, zile namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, ambazo kwenye bili peke yake hazikuambii kitu ila ndo zinaamua kama nyumba yako inaweza kuibeba hiyo shawa bila kuungua. Nyumba hii ilikosea kote kuwili kwa pamoja ndo maana inafundisha.

Nyumba yenyewe

Ni mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, kule ambako Juni na Julai asubuhi unatoa moshi mdomoni ukiongea. Nyumba ya kwao wenyewe, vyumba vinne, imejengwa kidogo kidogo kwa miaka mingi kama nyumba zetu nyingi na waya zake zimeongezwa hivyo hivyo kidogo kidogo. Wanaishi baba, mama, bibi mzaa baba, binti wa sekondari na mdogo wake wa kiume. Maji ni ya kisima kirefu, yanapandishwa kwenye simtank iliyo juu ya mnara mfupi wa tofali, yanashuka yenyewe bafuni. Umeme ni fezi moja, mein switchi imeandikwa 60A.

Kabla ya shawa walikuwa wanatumia kama unit 70 kwa mwezi, friji dogo, tivi, taa, pasi na jagi la umeme la chai. Wako D1, yani tarifu ya watumiaji wadogo ambayo unit ni shilingi 100 mpaka unit ya 75, ukiweka VAT na zile asilimia za REA (umeme vijijini) na EWURA (msimamizi wa nishati) inakuja kama 122. Kwaiyo mwezi mzima ulikuwa unaisha kwa 8,500 hivi ukitoa kodi ya jengo. Maji ya kuoga walikuwa wanachemsha kwenye gesi, sufuria kubwa moja asubuhi na moja jioni, mtungi wa kilo 15 ukawa unakata haraka mpaka baba akachoka.

Ilivyoanza

Baba akaenda dukani akauziwa shawa ya instanti, hizi za plastiki nyeupe zinazofungwa juu kabisa kichwani zenye swichi ya sehemu tatu, baridi, vuguvugu na moto. Boksi limeandikwa 5500W 220V. Kuna kaka yake yuko Marekani alimwambia kwenye simu achana na hizo, nunua tankless, hita isiyo na tangi, ya nyumba nzima, sisi huku tunayo moja inalisha bafu zote na jiko. Ni kweli wanazo, ila mashine ya hivyo ya umeme mara nyingi ni kilowati 27 hivi, kwa volti 240 hiyo ni ampia 112, na mein ya hapa ni 60. Ingewaka muda mfupi tu ikazima nyumba nzima. Kaka wa watu alikuwa na nia njema ila nyumba yake na hii hazilishwi na waya unaofanana.

Fundi wa mtaani akaitwa. Bafuni kulikuwa na waya wa taa tu, mm 1.5, hapo alifanya vizuri kutoutumia. Akachukua laini ya soketi ya chumba cha jirani, mm 2.5, akaivuta juu ya dari mpaka bafuni akaungia na konekta nyeupe ya plastiki, ile ya kuungia taa. Waya mbili, laivu na nyutro. Waya wa tatu wa kijani wa shawa akaukunja akaupiga gundi akauacha juu huko.

Ikawaka. Maji ya moto yakatoka watu wakafurahi, bibi akasema sasa tumefika mjini.

Mambo yalivyofuatana

Kwanza breka ikaanza kuzima. Ilikuwa ya 20A. Shawa ikiwa peke yake ilikuwa inavumilia, lakini mtu akiwasha jagi kwenye soketi ya chumba kile, dakika chache tu tap, giza. Fundi akarudi, akatoa ya 20 akaweka ya 32. Breka haikuzima tena. Baba akamsifia sana.

Alafu LUKU. Mwezi wa kwanza mzima walimaliza unit kama 170, na kwa D1 unit zinazovuka 75 zinauzwa 350 kabla ya kodi, ukijumlisha ni 427, kwaiyo mwezi ule uliwatoka karibu 50,000. Wakaendelea hivyo hivyo, na ukizidisha mfululizo unahamishwa kwenda T1, tarifu ya watumiaji wa kawaida, wakahamishwa. Huko unit zote kuanzia ya kwanza ni 292 kabla ya kodi, yani 356 hivi mkononi. 170 mara 356 ni 60,520. Mama anasema siku aliyonunua umeme wa 10,000 akapata unit 28 alidhani amekosea namba ya mita.

Alafu jioni maji yakaanza kuwa vuguvugu. Asubuhi moto, saa mbili usiku vuguvugu. Binti akagundua ukikaza koki maji yanakuwa machache lakini yanapata moto, kwaiyo akawa anakaza anakaa humo muda mrefu.

La mwisho ndo lililofanya nipigiwe simu. Bibi alilalamika bomba linamfinya. Alikuwa anashika koki ya chuma akiwa amelowa anahisi kitu kinatekenya mkononi. Wakamwambia bibi ni baridi hiyo. Siku nyingine mama akashika koki mwenyewe akaacha sabuni chini akatoka mbio. Na wiki hiyo hiyo kukawa na harufu ya plastiki kwenye korido.

Nilichokuta

Kitu cha kwanza nilizima breka ya laini ile nikawaambia hakuna anayeoga mpaka nimalize. Bibi akanijibu "mwanangu mimi nilishaacha siku nyingi, naoga ndoo yangu."

Nikapanda darini. Konekta imekuwa kahawia, upande wa nyutro imeyeyuka mpaka skrubu inaonekana, na ganda la waya pale jirani limekauka, ukilikunja linapasuka. Skrubu ilikuwa imelegea, ukiishika waya unacheza. Watu wanadhani kuungua kunatokana na shoti, hapana, mara nyingi ni mgusano mbovu tu. Chukua mgusano wenye ukinzani wa omu 0.1, kitu kidogo ambacho testa ya kawaida haitakuonyesha vizuri. Pitisha ampia 22 hapo, unapata wati 48 za joto kwenye kipande cha plastiki cha saizi ya kidole, muda wote mtu anapooga. Na ya chini yake ilikuwa mbao.

Nikashuka nikaenda nje kuangalia erthi. Nondo ipo ardhini, klampu ipo, waya hakuna. Umekatwa, kopa imeenda kwa wauza chuma chakavu, na hakuna mtu aliyejua imeondoka lini maana erthi ikikosekana taa zinawaka tivi inaonyesha kila kitu kinaendelea kama kawaida. Hizi shawa za bei ya chini elementi yake, ule waya unaopasha maji, iko uchi ndani ya maji, maji yanagusa waya wenye umeme moja kwa moja, kwaiyo siku zote kuna umeme kidogo unaovuja kupitia maji na unatafuta pa kwenda. Ukiwa na erthi unaenda ardhini. Hapa ulikuwa unaenda kwenye koki, na maji ya kisima chao yana madini mengi kwaiyo yanapitisha umeme zaidi kuliko maji ya mvua. Bibi alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Nilisafisha ncha za waya, nikaunga kwa muda na konekta nzito, nikawasha kwa kupima tu bila mtu ndani. Ilikuwa saa moja na nusu jioni. Kwenye DB, lile boksi la breka, bila mzigo volti 201. Nikafungulia shawa, DB ikashuka 196, na bafuni kwenye waya za shawa 190. Klampu mita, kipima ampia cha kubana waya, ikasoma ampia 21.6. Hapo ndo jibu la vuguvugu lilipo. Elementi ya wati 5500 kwa volti 220 ina ukinzani wa omu 8.8, haubadiliki, kwaiyo volti zikishuka nguvu inashuka kwa mraba wake. 190 gawa kwa 220, zidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata asilimia 75 tu. Shawa ya 5.5 imekuwa ya 4.1.

Kwa wasio na klampu mita, njia rahisi ni mita yenyewe ya LUKU. Angalia imeandikwa imp/kWh ngapi, ya kwao ilikuwa 1000, maana yake ile taa nyekundu ikiblink mara 1000 umekula unit moja. Zima kila kitu uache shawa tu, hesabu dakika moja. Pale zilikuja 68, zidisha kwa 60 ni 4080, sawa na kilowati 4.1. Kijana wa nyumba alihesabu mwenyewe akafurahi kweli, baada ya hapo akawa anazunguka kupima mpaka pasi.

Maji nayo tukayapima. Ndoo ya lita 10 ilijaa kwa dakika mbili na sekunde hamsini, lita 3.5 kwa dakika. Yakiingia yana nyuzi 15, yakitoka 32. Kupandisha lita moja kwa nyuzi moja ni wati-saa 1.163, hii haibadiliki uwe na mashine ya bei gani, kwaiyo kwa 4.1 na mtiririko ule unapata nyuzi 17 za kuongeza, basi. Volti zikiwa 220 ungepata 22 na kitu, maji yakatoka 37, hapo mtu anaoga vizuri.

Unit zilikuwa zinaenda wapi

Mama alibandika karatasi mlangoni kila mtu aandike dakika zake. Wakaandika kweli, binti kwa kununa. Kwa siku moja ya kawaida baba 6, mama 8, kijana 12, binti 17, na bibi 5 kabla hajagoma. Jumla 48. Wengi wanaoga jioni wachache asubuhi, nguvu ya wastani nikaichukulia 4.3, hiyo ni unit 3.4 kwa siku, kama 103 kwa mwezi. Ukijumlisha na 70 zao za zamani unapata ile 170 iliyowatisha. Hakuna unit hata moja iliyoibiwa na mita, maana hiyo ilikuwa nadharia ya baba.

Ila angalia hapa. Bili imepanda kutoka 8,500 hadi 60,500, yani 52,000 zaidi. Maji ya moto yenyewe ni unit 100 mara 356, 35,600. Hiyo 16,400 iliyobaki haihusiani na maji kabisa, ni zile zile unit 70 za friji na tivi ambazo jana zilikuwa 122 leo ni 356 kwa sababu wametoka D1. Muuza duka hakuambii hii. Nyumba iliyoko D1 gharama ya kwanza ya kuweka hita ya maji, ya aina yoyote, ni kupoteza D1.

Maamuzi na sababu zake

Nilikaa nao sebuleni, nikawapa njia nne.

Kurudi kwenye gesi. Baba alidhani gesi ni rahisi, tukapiga hesabu. Mtungi wao wa kilo 15 waliununua 56,000, kilo ni 3,730. Kilo moja ya gesi ina joto la unit 12.8, lakini sufuria jikoni inashika nusu hivi nyingine inapasha jiko, kwaiyo unit moja ya joto lililoingia kwenye maji inawatoka karibu 580. Umeme wa T1 ni 356. Gesi ikafa hapo hapo. Kinachofanya gesi ionekane nafuu ni kwamba ndoo ya lita 15 inatumia unit 0.4, wakati dakika 17 za shawa ni 1.2. Tofauti iko kwenye kuoga, sio kwenye moto.

Hita ya tangi, lita 30, kilowati 1.5. Hii mimi niliipigia debe. Inavuta ampia 7, waya wa 2.5 unaibeba bila kutoka jasho, volti zikishuka inachelewa tu kuchemka lakini maji yanafika nyuzi 60 vile vile, unachanganya na baridi unapata kama lita 58 za kuoga. Ubaya wake inapoteza joto ikikaa bure, na watu watano kwa lita 58 lazima msubiriane saa nzima katikati. Mama akauliza swali moja tu, anayemaliza maji ni nani na anayesubiri ni nani, wote wakamwangalia binti. Tangi likakataliwa.

Sola ya maji ya juu ya bati. Kule kiangazi ni baridi lakini anga ni jeupe jua linawaka, na baridi yao inaangukia hapo hapo kwenye kiangazi, kwaiyo sola ingefaa sana hasa kwa wanaooga jioni. Bei ilikuwa milioni na laki kadhaa kabla ya ufundi. Wakasema mwakani.

Wakachagua kubaki na instanti lakini ifungwe inavyotakiwa. Sababu yao ilikuwa nzuri tu, baba anatoka saa kumi na moja alfajiri na hataki kuamka kuwasha tangi, na walishainunua shawa.

Tulichofanya

Laini mpya ya peke yake kutoka DB mpaka bafuni, mm 6 yenye waya wa erthi ndani, breka yake 32A. Waya wa 4 ungetosha kwa ampia 25, lakini umbali ni mita 18 na mwenye nyumba ameshaonja moto, tofauti ya bei haikuwa ya kumnyima usingizi. Hakuna konekta darini, waya umenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kule kwenye shawa waya zikaminywa na sleevu za kopa alafu zikafunikwa. Laini ya zamani ya soketi ikarudishiwa breka yake ya 20. Kuhusu hili sina upole, breka inalinda waya, ukiweka kubwa kuliko waya umeondoa mlinzi ukaacha nguo zake zimening'inia mlangoni. Ile 32 ilikuwa inaangalia waya wa 2.5 uliofukiwa ukutani, unaobeba 20 hivi, ukipitisha 30 za shawa na jagi na ilikuwa haina sababu ya kuzima.

Erthi ikaunganishwa upya, safari hii waya umepita kwenye bomba na klampu imefunikwa na zege.

Mwisho RCD ya 30mA, swichi inayokata ikihisi umeme unavuja, kwa laini ya shawa. Na hapa ndo tukakwama. Kila shawa ikiwaka, sekunde mbili tatu RCD inazima. Haikuwa mbovu, ilikuwa inafanya kazi yake, elementi uchi na maji ya kisima chenye madini yanavujisha vya kutosha kuizima. Kule Brazil ambako shawa hizi ndo kwao, tatizo hili wanalijua na dawa yake wanaijua, shawa ambayo elementi imefunikwa ndani ya bomba la chuma, maji hayaugusi umeme. Baba akasema si tuitoe tu hiyo RCD, mbona breka ipo. Nikakataa, breka haijui kama kuna mtu amelowa, inajua ampia nyingi tu, na umeme wa kumuua mtu ni sehemu ndogo sana ya ampia moja. Wakanunua yenye elementi iliyofunikwa, wati 5500 vile vile, bei karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Inachelewa kidogo kupata moto, na kuzima kwake pia maji yanaendelea kutoka na joto kidogo. RCD ikatulia.

Matokeo

Harufu imeisha, koki haifinyi, nilipima volti kati ya koki na sakafu shawa ikiwa inawaka hakuna kitu cha maana. Jagi na shawa vinawaka pamoja.

Maji ya jioni? Hayajabadilika. Baba alitegemea waya mnene utaleta moto zaidi, nikamwonyesha kabla hajalipa: waya wa zamani ulikuwa unapoteza volti 6, mpya unapoteza 2 na nusu, unapata nyongeza ya nyuzi isiyofika hata moja. Volti za mtaa ziko vile vile, watu wote wanapika na kupiga pasi saa hiyo. Kilichosaidia ni ratiba, watoto wakahamishiwa alfajiri ambapo volti zinafika 220 na maji yanatoka moto wa kweli. Binti alilalamika wiki ya kwanza, alafu akanyamaza kwa sababu kwa mara ya kwanza hahitaji kukaza koki. Dakika zake zikashuka zenyewe mpaka 10, na hakuna aliyemhubiria.

Jumla ya nyumba sasa ni dakika 33 hivi. Lakini kwa sababu volti ni nzuri kila dakika inakula zaidi, karibu kilowati 4.9, kwaiyo ni unit 2.7 kwa siku, 80 kwa mwezi, jumla ya nyumba 150. Kwa T1 ni 53,400. Wameokoa 7,000. Kazi yote ile, 7,000. Miezi ya joto wakiweka swichi katikati wanashuka mpaka 115 hivi.

D1 hawajarudi na hawatarudi. Ukishakuwa na friji na mnaoga moto watu watano kila siku, chini ya 75 haiwezekani hata mkioga dakika tatu tatu.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Pesa nyingi ilienda kwenye usalama na hiyo sehemu imefaulu. Mtu akiniuliza kama gharama ya waya, RCD na shawa ya pili itarudi kwenye LUKU jibu ni hapana, na sikuwaahidi hivyo. Kilichopunguza unit ni dakika, na dakika zilipungua kwa sababu maji yalipata moto. Hili sikulitegemea likubalike kirahisi hivyo. Shawa dhaifu inafanya watu wakae muda mrefu wakisubiri kuridhika, kwaiyo volti ndogo zinakuonyesha nguvu ndogo kwenye mita huku mwisho wa mwezi hujaokoa kitu.

Fundi wa kwanza watu wanapenda kumlaumu, mimi namlaumu kwa mawili tu, breka ya 32 na waya wa kijani aliouacha darini. Kuchukua laini ya soketi wengi wanafanya kwa sababu mwenye nyumba anataka kulipa ufundi wa elfu kumi na tano. Hapa palikuwa na bajeti ya shawa, hapakuwa na bajeti ya waya, na waya na breka zake ndo zilikuwa ghali kuliko shawa ya kwanza. Ungemwambia baba hilo dukani siku ile pengine angenunua tangi, au angesubiri.

Presha haijatatuliwa. Mnara ni mfupi, simtank ikibaki robo maji yanapungua nguvu, ile swichi ya ndani ya shawa inayotegemea msukumo wa maji inajizima, unabaki na povu kichwani na maji ya nyuzi 15. Dawa ni kuinua mnara au pampu ndogo, pampu inataka umeme tena. Wameamua kuangalia tangi kabla ya kuoga, hiyo nayo ni dawa.

Na bibi hajarudi kwenye shawa. Nilimwonyesha testa, nikashika koki mwenyewe mbele yake nikiwa nimelowa, akasema "sawa mwanangu nimeona, ila wewe ndo uliyeifunga." Anachemshiwa ndoo yake kwa jagi la umeme, unit 0.4, ndo mtu anayeoga kwa bei ndogo kuliko wote mle ndani.

Kwa nyumba nyingine inayofanana na hii, jioni volti 190, wako D1, waya haujabadilishwa na hawana mpango wa kuubadilisha, mimi nitaendelea kusema tangi la lita 30 kwanza na mpangiane zamu. Kama volti ni nzuri siku nzima na uko tayari kuvuta waya wako wa peke yake kutoka DB, instanti ni kitu kizuri, inapasha maji unayotumia tu na haipotezi joto usiku kucha. Pima volti saa mbili usiku kabla hujaenda dukani, mwombe fundi aje na testa, ni kazi ya dakika tano. Hawa wa kisa hiki wameshaanza kuchanga sola, mama ndo mshika fedha, na baba ameniuliza kama bati lake linaweza kubeba tangi la lita 150. Maji peke yake ni kilo 150, nimemwambia tuangalie kenchi kwanza.